Nyama Tupu Haijengi Mfupa



Mzee mmoja wa jamaa zetu ametuuliza kama mbwa wake wa ulinzi, Rhodesian Ridgeback wa miezi minne, alishwe nyama mbichi tupu ili apate nguvu.

Asili ya mbwa hawa ni kusini mwa Afrika. Sifa zao ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Dume aliyekomaa hufikia kilo 40 hivi, naye ni hodari wa mbio. Mwili huo hujengwa utotoni. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Kalsiamu ikipungua katika damu, mwili huichota mifupani. Mtoto wa mbwa huanza kuchechemea, na mfupa huweza kuvunjika kwa mruko mdogo. Kalsiamu ikizidi nayo huharibu mifupa. Basi kipimo akipange daktari wa mifugo, si muuza nyama.

Tena tulitazame jiko letu. Nyama mbichi huweza kubeba vijidudu vya salmonela, navyo haviishi kwa kugandishwa. Kisu, ubao na bakuli la mbwa vitengwe, mikono ioshwe kwa sabuni, na watoto wadogo wasivikaribie.

Mnyama tuliyemfunga mlangoni hajichagulii chakula. Yeye ni amana, na mwenye amana ataulizwa.