Paa za asbesto shuleni: Hewa ipimwe kabla ya wanafunzi kurejea darasani

Mvua ya mawe si jambo geni katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira. Kila inaponyesha, wakulima huhesabu hasara ya majani chai na migomba, nao wasimamizi wa shule hukagua mapaa. Kwa shule ambayo ingali na paa la asbesto, hasara hiyo ni ya aina nyingine. Kigae kikivunjika hutoa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho, ambazo hupeperuka na kuvutwa pamoja na hewa.

Paa hizo zilipendwa kwa miongo mingi katika majengo ya umma nchini kwa kuwa hazishiki kutu wala kuungua. Gharama yake ilijulikana baadaye. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu. Maradhi hayo huweza kuchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Mtoto anayevuta vumbi hilo leo huenda akaugua akiwa mzazi, wakati ambapo hakuna atakayekumbuka paa la darasa lake.

Sheria haikunyamaza. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 ziliorodhesha asbesto miongoni mwa taka hatari. Mwongozo wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) unataka vigae vilowanishwe, viondolewe bila kuvunjwa, vifungwe kwa plastiki na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Kazi hiyo si ya fundi wa kijijini mwenye nyundo, wala vipande hivyo si vya kujengea mabanda ya kuku.

Hata hivyo, kuondoa paa ni jambo moja na kuthibitisha kwamba darasa ni salama ni jambo jingine. Njia ya kuthibitisha ni kuvuta hewa ya chumba kwa pampu kupitia kichujio, kisha nyuzi zilizonaswa zihesabiwe kwa darubini katika maabara. Nchini Uingereza, kiwango kinachotumika baada ya kazi ni chini ya nyuzi 0.01 kwa kila mililita ya hewa. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1986 inazilazimu shule kukaguliwa upya kila baada ya miaka mitatu.

Katika kaunti hizi mbili, ugumu mkubwa ni kujua nani atawajibika. Katiba ya mwaka 2010 iliipa serikali ya kaunti elimu ya chekechea, huku shule za msingi na za upili zikibaki chini ya serikali ya kitaifa. Mara nyingi chekechea na shule ya msingi hutumia uwanja mmoja. Upepo hautambui mpaka wa majukumu, lakini bajeti huutambua.

Hakuna haja ya taharuki. Paa ambalo ni zima na halijaguswa lina hatari ndogo kuliko lile linalobomolewa ovyo. Hatua ya kwanza ni kuorodhesha majengo, ya pili ni kuanza na yaliyopasuka, na ya tatu ni bodi za shule kudai cheti cha maabara kabla ya kumlipa mwanakandarasi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Ufa huu hauonekani kwa macho, na ndiyo sababu unahitaji kupimwa.