WARAKA WA KATIBU WA TAWI: KUUNGANISHA FAMILIA NI KAZI YA TAWI, SI SIRI YA MTU

Ndugu wanachama, 

Ujumbe huu ni mrefu, naomba mvumilie. Si taarifa ya kikao wala mchango wa msiba. Ni maoni yangu kama Katibu, na Mwenyekiti ameridhia niyatume ili yajadiliwe kabla ya Mkutano Mkuu wa Tawi.

Wiki mbili zilizopita nilipitia daftari letu la wanachama. Nikaweka alama kwenye kila jina la mtu ambaye mume, mke au mtoto wake amebaki nyumbani Tanzania. Ukurasa wa kwanza peke yake ulijaa alama. Nikajiuliza: mbona jambo hili halijawahi kuwa ajenda? Tukifiwa, mchango unatimia ndani ya siku mbili. Mwenzetu akinyimwa viza ya mke wake, anakaa kimya, anaacha kuja vikaoni, na sisi tunasema "amepotea".

Nianze na langu, ili asije mtu akasema Katibu anafundisha asichokijua. Mwaka 2019 niliomba viza ya mume wangu. Wakati huo kima kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka, nami nilikuwa nakizidi. Lakini mwezi mmoja kati ya ile sita mwajiri wangu wa wakati huo alinilipa nusu benki na nusu mkononi. Hati ya mshahara ilionyesha fedha yote, taarifa ya benki ikaonyesha nusu. Nikaona ni jambo dogo. Ombi likakataliwa. Mimi mwenye Diploma ya Uhasibu, ninayewasumbua ninyi kila siku kwa risiti, nilishindwa kuoanisha karatasi mbili! Niliona aibu, sikumwambia hata Mwenyekiti. Nililipa upya kila kitu, na mtoto wetu akakaa mwaka mwingine akimwona baba yake kwenye simu.

Kwa hiyo naandika kwa uchungu, lakini naandika kwa hesabu.

*1. HALI ILIVYOKUWA MWAKA 2025*

Tangu tarehe 11 Aprili 2024, anayetaka kumleta mwenza wake Uingereza kwa mara ya kwanza anatakiwa aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kabla ya makato. Kima hiki kilianzishwa Julai 2012 kikiwa 18,600. Desemba 2023 serikali ya wakati ule ilitangaza kitafika 38,700, kisha kikasimama kwenye 29,000. Serikali iliyoingia Julai 2024 iliiagiza Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji ikipitie upya, na ripoti ya kamati ilitoka Juni 2025.

Sasa tupige hesabu ya mwanachama wa kawaida wa tawi hili. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Ukifanya saa 37.5 kwa wiki, wiki 52, ulipata pauni 23,809. Ulipungukiwa pauni 5,190. Ili ufike 29,000 kwa kiwango hicho, ilibidi ufanye karibu saa 46 kila wiki, mwaka mzima. Maana yake ni kwamba mtu anayefanya kazi halali ya muda wote, analipa kodi, hana deni la serikali, bado anahesabiwa kuwa hana uwezo wa kukaa na mke wake.

Hapo hatujagusa ada. Mwaka 2025 ombi moja kutoka nje lilikuwa pauni 1,938. Tozo ya NHS ilikuwa pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya kwanza unalipia miaka mitatu, yaani 3,105. Jumla ilikuwa 5,043 kwa mtu mmoja. Mtoto ada ilikuwa ile ile, tozo yake 776 kwa mwaka, jumla 4,266. Mama na watoto wawili wasio na uraia wa Uingereza ilikuwa pauni 13,575, kabla ya nauli, kipimo cha kifua kikuu na mtihani wa Kiingereza wa mwenza. Kabla ya miaka miwili na miezi tisa kwisha unalipa tena.

Mahakama ya Juu ya Uingereza ilishalitazama suala hili mwaka 2017. Ilisema kima chenyewe hakivunji sheria, ila kanuni hazikuzingatia vya kutosha maslahi ya watoto. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kuna wakili atakayeifuta. Kitakachoibadilisha ni siasa, na hilo nitalirudia.

*2. MAMBO YANAYOTUANGUSHA BURE*

Nimewasikiliza wenzetu kadhaa. Wengi hawakuangushwa na kima peke yake. Waliangushwa na haya:

(a) *Kudhani lazima uchukue pasipoti ya Uingereza kwanza.* Si kweli. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kumdhamini mwenza wake. Nalisisitiza hili kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa hapa, umepoteza wa nyumbani, na uanachama wako katika Chama umekwisha siku hiyo. Anayetaka kubadili uraia kwa sababu zake, ni haki yake. Lakini asibadili kwa sababu jamaa fulani barazani alimwambia hakuna njia nyingine.

(b) *Miezi sita isiyooana.* Aliyeajiriwa sehemu moja kwa miezi sita au zaidi anapeleka hati za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, na barua ya mwajiri. Kwa mwenye mshahara usiobadilika, unaotazamwa ni ule wa mwezi wa chini kabisa katika sita hiyo. Kwa wanaolipwa kwa saa, unatazamwa wastani. Fedha ya mkononi ambayo haikupita benki haikusaidii. Kazi mbili zinaweza kujumlishwa.

(c) *Nyumba ya nyumbani isiyo na karatasi.* Wengi wetu tumejenga Kimara, Kigamboni, Fuoni. Kodi ya nyumba iliyopo nje ya Uingereza inahesabika kama kipato, mradi nyumba ni yako au ya mwenza wako, kuna hati ya umiliki, kuna mkataba wa upangaji, na kodi inaonekana kwenye taarifa za benki za miezi kumi na miwili. Lakini nyumba yetu ina jina la kaka, mpangaji analipa kwa simu, fedha inaishia kwa shangazi. Hiyo mbele ya afisa wa viza ni nyumba ya hadithi.

(d) *Kukopeshana salio.* Hapa nitasema wazi. Akiba inaruhusiwa kuziba pengo, lakini hesabu yake ni kali: pauni 16,000, ukijumlisha pengo mara mbili na nusu. Yule mwenzetu wa 23,809 anahitaji akiba ya karibu pauni 28,976. Asiye na kipato kabisa anahitaji 88,500. Na akiba hiyo iwe mikononi mwake kwa miezi sita. Nimesikia mtindo wa kuchangishana, fedha inakaa kwenye akaunti ya mtu, kisha inarudishwa. Mkopo si akiba. Ukisema ni yako na si yako, huo ni udanganyifu, na doa lake linakufuata kwenye kila ombi utakaloandika baadaye. Mfuko wa Tawi hautatumika hivyo maadamu mimi ndiye ninayeshika vitabu.

(e) *Mtoto aliyeachwa kwa bibi.* Kwetu sisi mtoto kulelewa na bibi ni heshima. Kwa kanuni za hapa, kama mzazi mwenzio yu hai na habaki nyuma yako katika ombi hilo, utaulizwa: nani anayebeba peke yake jukumu la malezi ya mtoto huyu? Kutuma fedha hakutoshi. Wanataka kuona nani anaamua shule, nani anaongea na mwalimu, nani anaidhinisha matibabu. Hifadhini mawasiliano hayo tangu leo. Na mtoto lazima awe chini ya miaka 18 siku ya kuomba. Kila mwaka tunaosema "mwakani" una gharama. Cheti cha kuzaliwa kisisubiri siku ya viza: RITA kwa Bara, na mamlaka ya usajili kwa Zanzibar.

(f) *Mama mzazi.* Hapa sina habari njema. Tangu 2012 mzazi anaruhusiwa tu akiwa hawezi shughuli za kila siku bila msaada, na huduma hiyo iwe haipatikani nyumbani au haiwezi kulipiwa, hata kwa fedha unazotuma wewe. Mama mwenye nguvu zake, hata awe mpweke kiasi gani, atapata viza ya matembezi tu. Tusimpe matumaini ya uongo.

Wapo ambao kima cha 29,000 hakiwahusu: wanaopokea posho kama PIP au Carer's Allowance. Wao hupimwa kwa utaratibu mwingine ulio mwepesi zaidi. Wapo pia walioathirika vibaya zaidi: walioomba kwa mara ya kwanza viza ya kazi za kulea wazee tangu tarehe 11 Machi 2024 kwa kawaida hawaruhusiwi kuleta mwenza wala mtoto, na wanafunzi walioanza masomo tangu Januari 2024 ni hivyo hivyo, isipokuwa wa utafiti na wachache wanaofadhiliwa na serikali. Dada anayemwogesha mzee wa Kiingereza kila asubuhi haruhusiwi kumwogesha mwanawe. Sina neno la kuongeza hapo.

*3. NINACHOPENDEKEZA*

Kwanza, kuunganisha familia kuwe ajenda ya kudumu ya tawi, kama ilivyo misiba na harusi. Mwenye ombi linalosubiri aseme, mwenye ombi lililokataliwa aseme. Aibu niliyoibeba mimi mwaka 2019 haikumsaidia mtu.

Pili, kuwe na watu watatu wa kukaa na mwanachama na kupanga karatasi zake: tarehe, majumlisho, kipi kimepungua. Mimi najitolea. Lakini tuelewane: sheria ya hapa inakataza kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa. Kazi yetu itakuwa kuoanisha hesabu, basi. Ushauri utatoka kwa wakili au mshauri aliyesajiliwa. Hawa "wataalamu" wanaochukua fedha zetu kwenye maegesho ya magari na kutoweka, tuachane nao.

Tatu, sehemu ya Mfuko wa Tawi itengwe kulipia kikao cha kwanza na mshauri aliyesajiliwa kwa mwanachama asiyeweza. Najua hoja ya wanaopinga: kwamba fedha za Chama ni za shughuli za Chama. Naiheshimu hoja hiyo, nami ndiye ninayezitunza. Ila nauliza: mwanachama anayefanya zamu mbili peke yake, mke yuko Tanga, mtoto yuko kwa bibi, tunamtegemea aje kujenga Chama kwa nguvu zipi?

Nne, na hili ndilo kubwa. Sisi ni watu wa siasa. Tunajua kila jina la mgombea wa kila jimbo nyumbani, ambako mpaka leo hatujawekewa utaratibu wa kupiga kura tukiwa huku. Lakini hapa tunapoishi, raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali halali cha kukaa anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura ya kumchagua mbunge. Tanzania ni nchi ya Jumuiya ya Madola. Wangapi kati yetu wamejiandikisha? Kima cha 29,000 kimewekwa na wanasiasa, kinaweza kushushwa na wanasiasa, na wanasiasa huhesabu kura. Kila mwanachama ajiandikishe. Kisha kila mmoja amwandikie mbunge wa eneo lake barua yake mwenyewe, yenye hesabu yake mwenyewe: nafanya saa ngapi, nalipa kodi kiasi gani, napungukiwa kiasi gani, mwanangu ana miaka mingapi. Mtakaohitaji msaada wa kuandika, nipo.

Ndugu zangu, sitaki mtu asome waraka huu akadhani nasema kanuni hizi ni za haki tukizifuata vizuri. Si za haki. Lakini kanuni mbaya inayofuatwa kwa karatasi safi inampitisha mtoto, na kanuni mbaya inayopingwa kwa kura inaweza kubadilika. Kunung'unika kwenye kundi saa sita za usiku hakufanyi lolote kati ya hayo mawili.

Maoni yaletwe hapa au kwangu binafsi kabla ya Mkutano Mkuu. Mwenye jambo la siri, siri yake itabaki kwangu. Wanaopinga pendekezo la tatu waje na hoja na tarakimu, tutajadiliana kama ndugu.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Chama,
Katibu wa Tawi