Tusiwalaumu wapenzi wa mpira

Anayefuatilia habari za Kiswahili hapa Rusizi, Rwanda, mara nyingi anazipata kutoka Tanzania, na mpangilio wake keshauzoea: Simba na Yanga asubuhi, tetesi za usajili mchana, Diamond Platnumz jioni. Ni rahisi kuhitimisha kwamba Watanzania wamelewa mpira na umbea wa wasanii. Nadhani tunawaonea. Mpira umejaa kurasani kwa sababu ndipo mahali palipobaki ambapo mwandishi anaweza kumbana kiongozi kwa maswali na usiku akalala bila wasiwasi.

Tazama mwaka 2025. Machi 8 watani wa jadi walipaswa kukutana Uwanja wa Benjamin Mkapa. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walikwenda kufanya mazoezi, wakazuiwa getini. Wakatangaza hawachezi, na Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi zikiwa zimebaki saa chache. Kilichofuata kilikuwa kazi nzuri ya uandishi, nasema hivyo kwa dhati. Kanuni za ligi zilisomwa redioni kipengele kwa kipengele, watu wakataka kujua nani alitoa amri pale getini, shauri la Yanga la kupinga uahirishaji huo likafuatiliwa hadi mahakama ya michezo, CAS, huko Uswisi, mpaka mechi ilipochezwa Juni 25 na Yanga kushinda 2-0. Katikati ya miezi hiyohiyo, Aprili, Tundu Lissu, mwenyekiti wa chama cha upinzani CHADEMA, alikamatwa Mbinga na kushtakiwa kwa uhaini, kisha Tume ya Uchaguzi ikasema CHADEMA haitashiriki uchaguzi kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili. Hapo pia palikuwa na kanuni za kusomwa kipengele kwa kipengele, na palikuwa na geti. Habari ilitangazwa, lakini sikuona ikichambuliwa kwa ujasiri ule wa Machi.

Sababu haijajificha. Oktoba 2024 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, chanzo kikiwa video moja ya katuni iliyogusa watu waliotekwa na kuuawa. Septemba 2025 JamiiForums ikafungiwa siku 90. Mhariri mwenye mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi, akiyajua hayo, ataweka usajili wa Yanga ukurasa wa mbele, na kampuni ya kubeti itamlipia tangazo pembeni yake.

Watakaopinga watasema ndicho wasomaji wanachotaka, na kwamba klabu hizi, moja ya 1935 na nyingine ya 1936, zimo katika damu ya watu. Hilo la damu nalikubali. Yanga ilikuwa karibu na wapigania uhuru wa TANU, kwa hiyo mpira na siasa havijawahi kukaa nyumba mbili. Lakini hoja ya kwamba msomaji hataki kingine ilikufa baada ya Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi. Maandamano yalizimwa kwa risasi, intaneti ikakatwa kwa siku kadhaa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mtandao uliporudi, watu walitafuta majina ya waliokufa, na wasanii waliopanda majukwaa ya kampeni za chama tawala, CCM, wakaachwa na wafuasi wao kwa wingi. Huyo ndiye msomaji tuliyeambiwa anajali nani kavaa nini.

Nasi huku tuna sababu ya kujali, maana sehemu kubwa ya mizigo ya Rwanda hupita bandari ya Dar es Salaam, na mfanyabiashara wa Kamembe ana haki ya kujua mapema kama njia hiyo ni salama. Tena tusijione bora, maana nasi tuna habari tulizoziacha kwenye kurasa za michezo. Februari 2025 waziri wa mambo ya nje wa Kongo aliziandikia Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain akizitaka ziachane na udhamini wa Visit Rwanda. Mwezi huohuo waasi wa M23 wakaingia Bukavu, Kongo, ng'ambo tu ya mto wetu. Ilikuwa habari ya michezo yenye vita, fedha na majirani ndani yake, na ilistahili kuchambuliwa nje ya kurasa za michezo, pamoja na swali ambalo kila mchuuzi wa hapa alikuwa nalo siku zile: je, mpaka wa Rusizi ya Kwanza kesho asubuhi watafungua?