Mwandishi Asiye na Tovuti Yake ni Mpangaji

Muhula uliopita nilitaka kuingiza katika orodha ya usomaji riwaya moja ya Kiswahili iliyochapishwa miaka ya 1980. Simu ya mchapishaji haikupatikana. Maktaba ilikuwa na nakala moja, isiyo na jalada wala kurasa za mwisho. Mwandishi yu hai, niliambiwa, lakini hakuna aliyejua anakoishi. Hatimaye riwaya ilipatikana pale ambapo wanafunzi wangeanza kuitafuta: kwenye kibanda cha fotokopi nje ya lango la chuo, kwa shilingi 4,000. Mwenye kibanda alipata chake. Mwandishi hakupata hata senti, na pengine hakujua kwamba bado anasomwa.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kila ninapowaambia waandishi wenzangu kwamba wanahitaji tovuti zao wenyewe, hunitazama kana kwamba nawauzia anasa. Kazi yetu ni kuandika, husema. Kuuza ni kazi ya mchapishaji. Kauli hiyo ina heshima yake ya kale, lakini historia ya uchapishaji wetu inaikanusha. East African Literature Bureau, iliyochapisha Rosa Mistika ya Kezilahabi mwaka 1971, ilisambaratika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Wachapishaji hufilisika, huuzwa, au huhamia kwenye vitabu vya kiada ambako ndiko kwenye fedha. Haki za mwandishi, kinyume chake, hazifi upesi hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Sasa jiulize, msomaji: katika muda wote huo mfasiri, mtayarishaji wa filamu au mtunga mitaala atamwomba nani ruhusa, ikiwa anwani pekee iliyopo ni sanduku la posta la mchapishaji aliyekwisha funga ofisi?

Wapo watakaonikumbusha Abdulrazak Gurnah. Dunia ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake Paradise, yaani Peponi, ikatoka mwaka uliofuata. Lakini Gurnah anaandika Kiingereza, na nyuma yake wamesimama wachapishaji wa London, mawakala na wahakiki wa magazeti makubwa. Anayeandika Kiswahili hana jeshi hilo. Asipojitangaza mwenyewe, hatatangazwa.

Vijana wana jibu jingine. Wao wako Facebook, Instagram na katika makundi ya WhatsApp, na wanajivunia maelfu ya wafuasi. Sina ugomvi na mitandao hiyo. Ni soko, na mwenye bidhaa lazima aende sokoni. Ugomvi wangu ni na mtu anayehamishia sokoni kitanda chake na hati ya shamba lake. Wafuasi wale si wake. Mwenye mtandao ndiye anayeamua nani aone andiko na nani asilione, na siku akiamua kufunga, hufunga. Yahoo iliifunga GeoCities mwaka 2009, na kurasa za watu wasiohesabika zikaondoka nayo. Karibu zaidi na nyumbani, mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa hapa Tanzania. Aliyekuwa ameweka tenzi na makala zake zote humo alijikuta amefungiwa nje ya maktaba yake mwenyewe.

Naijua hoja ya upande wa pili, nayo si nyepesi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka ada ya leseni ya shilingi 1,000,000 kwa anayeendesha blogu, mbali na 100,000 za maombi, na wengi wakafunga kurasa zao. Ada zilipunguzwa baadaye. Hofu haikupungua kwa kiwango hichohicho. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, na najua mpo, mna wajibu wa kueleza kwa lugha inayoeleweka kwamba mtunzi anayeorodhesha vitabu vyake si kituo cha utangazaji. Msipoyasema hayo ninyi, mwandishi mzee wa Tanga au Pemba atayasikia wapi?

Tovuti ninayoizungumzia haina makuu. Orodha ya vitabu pamoja na mwaka wa kila kimoja, mahali vinapopatikana, sura moja ya kuonja, lipa namba, na anwani ya kuombea ruhusa. Pia wasifu ulioandikwa na mwenyewe, maana nimechoka kusahihisha tasnifu zinazomzalisha mshairi mmoja katika wilaya tatu. Vyuo vikuu vyetu, kikiwemo changu, vinaweza kuwatengea watunzi wastaafu nafasi kwenye seva zao bila kuomba bajeti mpya. Tunaandaa makongamano ya kukienzi Kiswahili kwa gharama kubwa kuliko hiyo.

Mwandishi wa riwaya ile nimempata mwezi uliopita, kupitia kwa mjukuu wake. Ndani ya sanduku la bati ana miswada miwili ambayo haijawahi kuchapishwa. Mjukuu amekwisha lipia jina la tovuti linaloishia na .tz. Tumeanza na ukurasa mmoja, na namba ya simu iliyowekwa pale ni ya mzee mwenyewe.