Risala ya Wapwani Waishio Maskati kwa Balozi wa Kenya: Udongo wa Owino Uhuru Usafishwe

Mheshimiwa Balozi,

Sisi ni Wakenya wa Mombasa na viunga vyake tunaofanya kazi hapa Maskati: walinzi, madereva, wasusi, mayaya na wapishi wa majumbani. Hatuna nafasi ya kusimama nje ya mahakama ya Mombasa wala ya kubisha hodi wizarani Nairobi. Serikali iliyo karibu nasi ni wewe. Jambo lililotuleta ni udongo wa Owino Uhuru, kule Mikindani.

Kisa unakijua. Kuanzia 2007 hadi 2014 palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kikitoa moshi na maji machafu yenye madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo, aligundua kwamba mwanawe ana sumu hiyo mwilini, na tangu hapo hakunyamaza. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Iliamuru pia eneo lisafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Lawama waligawiwa wenye kiwanda, mwenye ardhi na taasisi za Serikali. Fungu kubwa kuliko yote, asilimia 40, likaiangukia NEMA, mamlaka iliyoundwa ili mambo kama haya yasitokee. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Tulishangilia, hatukatai. Lakini tangu siku hiyo kila anayeitaja kesi hii hutaja bilioni 1.3, na zile milioni 700 hazina msemaji. Fidia ni haki ya watu na ilipwe bila kuzungushwa. Hata hivyo, mama akilipwa leo na mwanawe kesho akaamkia kucheza kwenye vumbi lile lile, amelipwa kwa madhara ambayo bado yanaendelea.

Risasi haiozi, wala mvua haiimalizi. Mwaka 2015, kiwanda kikiwa kimeshafungwa, watafiti walipima Owino Uhuru na mtaa jirani wa Bangladesh. Udongo wa Owino Uhuru ulikuwa na wastani wa miligramu 146.5 za risasi kwa kilo moja; wa Bangladesh 11.5. Damu ya watoto wadogo ilikuwa na mikrogramu 7.4 kwa desilita, dhidi ya 3.7 kwa wenzao wa Bangladesh. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huila kwa vidole vyake, nayo huingia ubongoni na kukaa mifupani, na mama mjamzito humpa aliye tumboni bila kujua.

Jimbo la Zamfara, Nigeria, lilifunza dunia mpangilio wa kazi ya kusafisha. Mwaka 2010 mamia ya watoto walikufa huko kwa risasi ya machimbo ya dhahabu. Madaktari walisisitiza kijiji kisafishwe kwanza ndipo tiba ianze, maana dawa haimfai mtoto anayerudi kwenye sumu. Kijiji cha Bagega kilingoja usafishaji hadi 2013.

Kwa hiyo tunadai ratiba: nani atasafisha, lini, na kwa fedha za kasma ipi. Udongo wa juu uchimbwe na uletwe mwingine safi; mapaa na visima navyo visisahauliwe. Huo uliochimbwa upelekwe mahali palipotengwa kwa taka za sumu, usije ukamwagwa kwenye jaa la Mwakirunge tukawa tumewahamishia wengine balaa. Vipimo vya kabla na baada vibandikwe mtaani kwa Kiswahili, na watoto wapimwe damu kila mwaka. Kamati ya kusimamia iwe na wakazi wenyewe, akina mama hasa.

Kuna hofu moja inayosemwa chini chini, nasi tunaisema wazi: ardhi ikishasafishwa itapanda thamani. Usafi usigeuzwe kisingizio cha kuwafukuza waliovumilia uchafu.

Mheshimiwa, Benki Kuu hutangaza kila mwezi fedha zinazotumwa nyumbani na Wakenya walio ng'ambo. Zetu zimo. Nasi basi tutangaziwe hatua iliyofikiwa Owino Uhuru, kwa utaratibu ule ule wa kila mwezi. Kifungu cha 42 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya mazingira safi, na hakikumbagua mpangaji wa Mikindani.

Tunaomba uifikishe risala hii kwa Wizara ya Mazingira na Wizara ya Afya, na utuletee jibu la maandishi lenye tarehe ya kuanza kazi.