Jumapili hii, shuka Mazinde

Kila wikiendi ni ufukweni tu, bia na mishikaki, pesa inakwisha na stori huna! Leo nawapa ruti nyingine, ya kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Ukipanda basi la Arusha pale Korogwe, ukishaipita Mombo usisinzie. Shuka Mazinde. Kwa mpita njia ni katani, jua kali na milima ya Usambara pembeni. Kumbe hapa ndipo alipotamba Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene wa Usambara.

Baba mtu aliishi juu, Vuga, makao ya Wakilindi, ukoo wa Mbegha, yule mwindaji wa Unguu aliyewateka Wasambaa kwa nyama na hukumu za haki. Krapf alipanda huko 1848, Burton na Speke 1857. Usitegemee ngome ya mawe kama ya Mombasa, Vuga ulikuwa mji wa miti na nyasi.

Mzee alipofariki 1862, kiti akapewa mjukuu, Shekulwavu. Semboja hakukubali. Ujanja aliuona huku chini, maana misafara ya Pangani ilipita hapa ikielekea Upare na Kilimanjaro, na bunduki zikaja nayo. Mwenye bunduki akamzidi mwenye kuleta mvua! Akaivamia Vuga, akamsimika mwanawe Kimweri Maguvu, mwenyewe akabaki Mazinde kwenye mshiko.

Mshiko gani? Watu, ndugu yangu. Mateka wa ugomvi wa kifamilia waliuzwa pwani ili zipatikane bunduki na baruti za kukamata wengine. Semboja alifariki 1895, na mwaka huo huo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa. Amri ikawa ya wageni.

Mchana rudi Mombo, panda gari la Soni, ulizia Vuga. Beba sweta, huko baridi haina mchezo. Kwenye makaburi ya wafalme usiende ukipiga picha ovyo. Mtafute mzee, mpe shikamoo yake, omba ruhusa.

Na nyie mabrazameni wa "babu yangu alikuwa chifu," mkifika kwa babu muulizeni kitu kimoja tu: zile bunduki alizilipia nini?

Tukutane wiki ijayo.