MASHINE ZINAZOJIZALISHA: JE, MCHEZO HUU NI HARAMU?

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita baada ya sala ya Isha alinijia mzee mmoja wa hapa Ngamiani, amekasirika. Akaniambia, "Maalim, mwanangu anacheza mchezo wa kishetani. Daftari lake nimelichoma." Nikamuuliza, ushetani gani? Akasema ameona humo michoro ya mashine zinazozaa mashine nyingine, na hiyo ni kufuru, kwa sababu muumba ni Allah peke yake.

Nilikaribia kumwambia amefanya vizuri. Alhamdulillah, ulimi ukazuilika. Kijana yule alikuwa hakosi safu ya mbele Alfajiri, na tangu daftari lichomwe hajaonekana msikitini. Nikajiambia, utatoaje hukumu ya kitu ambacho hujakiona? Kesho yake nikaenda kukaa nao barazani.

Mchezo wenyewe uko hivi. Wanakaa vijana watano au sita. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja anashika nafasi yake katika hadithi: huyu nahodha wa chombo cha angani, huyu fundi, huyu daktari. Msimulizi anasema, "Mmefika, mlango uko wazi, ndani giza. Mnafanya nini?" Kila mmoja anajibu, na hadithi inasonga mbele kwa majibu yao. Wakikwama wanarusha dadu. Michezo ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, na wa kwanza unaitwa Dungeons & Dragons. Huu wa vijana wetu wameutunga wenyewe. Sikuona pesa wala matusi.

Adui katika hadithi yao ni vimashine vidogo kama kaa. Vinakula chuma, na kila kimoja kikishiba kinatengeneza kingine mfano wake. Kila baada ya saa moja idadi yao inakuwa mara mbili. Nikawaambia wanihesabie. Ukianza na kimoja, baada ya saa kumi viko 1,024. Baada ya saa 24 viko 16,777,216. Nikanyamaza kidogo, maana hesabu hiyo inatisha hata mtu mzima.

Sasa tuje kwenye hukumu, maana ndilo swali.

Kwanza, suala la kuumba. Katika Surat al-Hajj, aya ya 73, Allah anatupigia mfano kwamba wanaoabudiwa badala yake hawawezi kuumba hata nzi, wajapokusanyika wote. Hiyo ndiyo itikadi yetu. Lakini mashine inayotengeneza mfano wake haijaumba kitu. Inachukua chuma alichokiumba Allah na kukipanga upya kwa maelekezo iliyopewa. Mwanahisabati John von Neumann, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani na kufa mwaka 1957, alilichambua jambo hili. Alionyesha kuwa mashine ya namna hiyo lazima ibebe ndani yake maelekezo ya kujijenga, na ijue kuyanakili kwa ajili ya mwenzake. Na maelekezo hayo lazima awepo aliyeyaandika. Kwa hiyo mfano huu hauondoi dalili ya Muumba. Ukitafakari, unakukumbusha kuuliza: nani ameandika maelekezo yaliyomo ndani ya mbegu ya embe?

Pili, dadu. Hapa sikuwaachia. Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, amekataza mchezo wa nard, ambao ni wa dadu, na rai inayotegemewa katika madhehebu yetu ya Shafi ni kuwa ni haramu hata kama hakuna pesa. Najua wapo wanazuoni wa leo wanaotofautisha dadu ya kamari na dadu isiyo ya kamari. Mimi nawapa tahadhari. Nikawaambia, wekeni dadu pembeni, na mahali pagumu apite mwenye hoja nzuri. Msimulizi aulize, "Utafanyaje, na kwa nini?" Akili ifanye kazi iliyokuwa inafanywa na bahati. Wakajaribu usiku uleule, na wakakiri kuwa sasa mchezo ni mgumu zaidi.

Tatu, wakati. Adhana ikisikika hadithi inasimama, hata kama mko kinywani mwa adui.

Baada ya hapo wakanilalamikia jambo. Mchezo wao umekwama. Wanapiga mashine, wanapiga, lakini zikifa kumi zinakuja mia. Wanafanyaje? Nikacheka. Mtoto wa Tanga anauliza swali hilo na kunguru wanamlilia juu ya bati!

Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale takataka. Wakazaana, wakavuka, wakaijaza pwani yote. Wametegwa, wametiliwa sumu, na bado wapo. Kunguru ni katika wale viumbe waharibifu ambao sharia imeruhusu wauawe hata na aliye katika ihramu, lakini kuua peke yake hakutoshi. Kunguru anafuata jalala. Maadamu takataka ziko wazi, atakayeuawa leo kesho nafasi yake itajazwa. Nikawaambia, nyie mnapigana na mashine. Mmeshawahi kujiuliza zinakula wapi? Ondoeni chuma. Au tafuteni yale maelekezo zinayobeba, myabadilishe, zijenge badala ya kubomoa.

Kwani kujizalisha kwenyewe si ubaya. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika hapa vikiwa hai ni 62. Mkonge ukikomaa unatoa mlingoti, na mlingoti unaangusha vichipukizi kwa mamia. Kutokana na hivyo 62 mashamba yalienea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Wako wangapi kati yetu ambao babu zao waliletwa Tanga na mkonge?

Na amali za mwanadamu zina tabia hiyohiyo. Mtume ametufundisha kuwa anayeanzisha jambo jema ana ujira wake na mfano wa ujira wa wanaomfuata, na anayeanzisha baya ana dhambi yake na mfano wa dhambi za wanaomfuata. Ule uzushi ulioutuma kwenye kundi la WhatsApp asubuhi, kufika jioni umeshajizalisha mara ngapi? Wewe umelala, daftari lako linaandikwa.

Lakini sharti kubwa kuliko yote nililowapa vijana ni hili. Adui wenu abaki mashine. Mashine haina roho wala mama wa kuililia, kwa hiyo kuivunja katika hadithi hakuufanyi moyo kuwa mgumu. Siku mtakapompa adui huyu sura ya watu, mkasema kabila fulani au dini fulani "wanazaana tu kama wadudu, wafagieni", mchezo huo nitaupinga juu ya mimbari. Hapa jirani, Rwanda, mwaka 1994, watu waliitwa mende kabla ya kuuawa. Aliyemwita jirani yake mdudu alishajiruhusu kumkanyaga. Mwanadamu hakutokana na nakala. Kila mmoja ameumbwa peke yake, na atasimama mbele ya Mola wake peke yake.

Rai yangu, basi: hadithi hii ni halali kwa masharti hayo, na ni bora kuliko mengi wanayoyatazama vijana kwenye simu usiku wakiwa peke yao. Wazazi wenzangu, kabla ya kuchoma, kaeni barazani muulize. Daftari linanunuliwa kwa shilingi chache. Kumrudisha mtoto aliyejifunza kuwa msikitini haulizwi, anahukumiwa tu, ni kazi ya miaka.

Yule mzee nimezungumza naye. Hajaridhika sana, ila amekubali kuja kusikiliza Ijumaa baada ya Isha. Na kijana juzi nilimwona Magharibi, safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu. Sikumwambia kitu. Nilimpa mkono tu.

Allah atuhifadhie vijana wetu na atujaalie kheri zenye kuzaana. Amin.

Wallahu a'lam.